Kutoka kwa Kinuthia Kwenda kwa Kinuthia

Simu ilimkuta Wanjugu wodini, katika hospitali moja ya Bankstown, akimshika mkono mzee aliyekuwa akijifunza upya kutembea baada ya kuvunjika nyonga. Alimketisha mzee wa watu kitini, akamwomba radhi, akatoka hadi kwenye korido na simu sikioni. Aliyepiga alikuwa mwenye duka la bunduki la huko Warwick, Queensland, ambako bunduki ya marehemu baba yake ilikuwa imehifadhiwa tangu msiba. Bwana huyo alikuwa tayari kuituma kwa muuza bunduki mwenzake wa Sydney, maana silaha inayobadilisha mwenyewe kutoka jimbo moja hadi jingine hupitia mikononi mwa wenye leseni, haisafiri kwenye buti la gari la shemeji. Ila alikuwa na swali moja. Bunduki hii anapewa nani hasa?

Wanjugu alikuwa na haraka zake.

“Baba,” akajibu. “Baba's got his licence, permit, everything.”

“Sorry, who's Baba?”

“Baba means Dad,” akamfafanulia kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Kisha yule bwana akasema taratibu kwamba mama yake Wanjugu, ambaye ndiye msimamizi wa mali ya marehemu, naye alikuwa amemwambia kwa simu kwamba bunduki inakwenda kwa mume wake.

“Yes, yes,” akasema Wanjugu, jicho likiwa kwa mgonjwa aliyeanza kujiinua kitini peke yake. “Same person.”

Akakata simu, akamkimbilia mgonjwa wake, ameridhika kabisa kwamba jambo hilo limekwisha.

Ndiyo kwanza lilikuwa linaanza. Saa ya chakula, alipomsimulia Chibalonza, nesi mwenzake kutoka Bukavu, Chibalonza aliacha kijiko hewani.

“Weye ulimuambia ule muzungu kama baba yako ndiye atabeba bunduki?”

“Baba. Mwanangu.”

“Lakini ulisema Dad.”

“Nilisema Baba. Akaniuliza maana yake, nikamwambia.”

“Na papa yako iko wapi?”

Hapo Wanjugu akaelewa. Papa yake alikuwa kaburini huko Warwick tangu mwaka uliopita, na mwenye duka alikuwa na nakala ya cheti cha kifo.

“Mama wee!” Chibalonza akasema. “Ule bwana sasa anawaza jamaa yenu yote inasema na bantu balikufa.” Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Alipoona mwenzake hacheki, naye akaacha, akamsogezea chupa ya maji.

Mtu aliyekulia kwa Wagikuyu angemwelewa Wanjugu bila maelezo. Alipojifungua mtoto wake wa pekee, pasipo mume wa kugombea jina, alimpa mtoto jina la baba yake lote kamili, Kinuthia Kariuki. Na mtoto mwenye jina la baba yako ni baba yako, humwiti vinginevyo. Wanjugu anamwita Baba akimtuma maziwa, na anamwita Baba akimgombeza kwa kuacha taulo sakafuni. Naye mama yake, Bi Nyaguthii, siku ya kwanza alipompakata mjukuu huyo alimtazama kwa muda, akasema, “Mume wangu amekuja mdogo safari hii,” na tangu hapo hajamwita jina jingine. Ni utani, na si utani. Basi mtu na ajiweke mahali pa yule mwenye duka. Karatasi zinasema bunduki inatoka kwa Kinuthia Kariuki kwenda kwa Kinuthia Kariuki. Mjane anasema anampa mume wake. Binti, mwanamke msomi, nesi, anathibitisha kwamba ndiyo, ni Dad, na leseni anayo.

Jioni Wanjugu alipofika nyumbani kwake Guildford, alimkuta mama yake amekaa kwenye kochi akiwa amevaa koti, mkoba magotini, taa haijawashwa. Bi Nyaguthii alikuwa amekuja Sydney kutembea tu, majuma machache, kama alivyosisitiza kwa kila mtu kanisani.

“Mwenye duka amenipigia,” akasema. “Anataka daktari aandike kwamba nina akili timamu. Asipopata hiyo barua haitumi, na kibali cha mume wangu kitaisha muda.”

“Mama, mimi ndiye niliyeharibu.” Wanjugu akamweleza yote, hata ile “same person”, akitumaini mama atacheka.

Mama hakucheka, na hilo lilimtia Wanjugu hofu.

“Miaka yote niliyokaa Warwick hakuna aliyewahi kuniita kichaa,” Bi Nyaguthii akasema. “Nitafutie basi la Queensland. Narudi kwangu.”

Kwangu ilikuwa nyumba ya mbao nje ya mji wa Warwick, ambako mama alikaa peke yake. Majira ya baridi yaliyopita mama yake alianguka kando ya tangi la maji, akalala kwenye umande ulioganda mpaka jirani alipokuja kuazima ngazi. Tangu siku hiyo Wanjugu alikuwa amembembeleza ahamie Sydney. Alikuwa amelia, amenuna, amemtuma pasta. Mama alikuwa na jibu moja tu: bunduki ya mzee ihamie kwanza kwa mume wangu, kwa sheria, kwa karatasi, ndipo nitafikiria. Haikuwa hata ahadi, lakini Wanjugu aliishika kwa mikono miwili.

Kwa ajili ya hiyo “nitafikiria” alikuwa amekubali mengi. Yeye asiyependa bunduki hata za plastiki alikuwa amekubali sefu ya chuma ifungwe kwa bolti ukutani kwenye chumba cha kufulia, polisi waje kuikagua, na mwanawe akae darasani akijifunza usalama wa silaha, kisha ajiunge na klabu ya kulenga shabaha, kwa sababu serikali ya hapa haimpi mtu bunduki bila sababu inayoeleweka, na kumpenda babu yako si sababu inayotosha.

Bunduki yenyewe wala si ya kutisha. Ni ndogo, ya risasi moja moja, ya kumpumzisha ng'ombe aliyevunjika mguu, maana mzee alikuwa daktari wa mifugo. Nyumbani kwao walizoea Kiswahili kwa sababu ya kazi hiyo hiyo. Serikali ya Kenya ilimhamisha kila mara, Kitale, Machakos, Garissa, watoto wakakua na lugha ya kila mtu, kabla hajapata kazi Queensland. Na alichokithamini mzee hakikuwa bunduki, ilikuwa leseni. Mgeni akiingia kwake alionyeshwa leseni kabla ya chai. Alikuwa na sababu. Alipokuwa mtoto, wakati wa Hali ya Hatari, askari wa Mwingereza walikuta risasi moja kwenye ghala la mahindi la baba yake, risasi moja isiyo na bunduki wala mwenyewe, wakamchukua baba mtu, na hakurudi. Mzee hakuwahi kulisimulia jambo hilo zaidi ya sentensi mbili. Lakini kila leseni yake ilipokaribia kuisha alikuwa wa kwanza kwenye kaunta ya polisi, amevaa tai.

Kinuthia mdogo alirudi kutoka kazini akiwa bado na shati lake la manjano la fundi wa lifti. Aliwasha taa, akawatazama wanawake wake wawili, akajua kuna neno.

“Mume wangu,” Bi Nyaguthii akamwambia, “wameniita kichaa.”

“Nobody said that, Shosho.” Kinuthia alichuchumaa mbele ya bibi yake, akauondoa mkoba magotini mwake. Huyu kijana Kiswahili anakisikia chote, ila ulimi wake ulizaliwa Australia na unapenda kubaki huko. “Look, it's easy. Daktari akiuliza, just say grandson. Mjukuu. That's it.”

“Neno moja tu, Mama,” Wanjugu akadakia. “Sema mjukuu, aandike, yaishe.”

“Neno moja tu.” Bi Nyaguthii aliwatazama kwa zamu. “Mnadhani nimesahau kwamba Kinuthia amekufa? Mimi ndiye niliyemfumba macho. Nilimfumba macho, nikamzika, nikavumilia, kwa sababu nilijua mwingine yupo. Sasa mnataka nisimame mbele ya serikali niseme huyu ni mjukuu tu. Nikisema hivyo yule amekwisha kabisa. Siwezi. Msinilazimishe.”

Kinuthia alibaki amechuchumaa, ameshika ule mkoba, macho sakafuni. Alipokuwa shuleni alikuwa akiona haya bibi yake anapomwita hivyo kwa sauti mbele ya wenzake kwenye lango. Safari hii hakuona haya.

Wanjugu naye alikuwa na lake. Kulikuwa na jambo alilokuwa akilificha. Majuma hayo mama alipokaa naye, alikuwa amekuta maziwa kabatini, pamoja na unga na chumvi, si mara moja. Alikuwa ameulizwa siku ya mapipa ya taka, akajibu, akaulizwa tena siku ile ile. Kazi yake ni kuwauliza wazee leo ni siku gani, mwezi gani, hapa ni wapi. Anaijua vizuri sura ya mtu anayelitafuta jibu na kulikosa. Aliogopa kuiona sura hiyo kwa mama yake, na aliogopa zaidi kwamba mwenye duka, bila kukusudia, alikuwa amesema kweli. Akimpeleka kwa daktari, huenda akarudi na habari ambayo hakuiomba. Asipompeleka, bunduki haitoki Warwick, na mama anarudi kwenye tangi lake la maji.

“Sawa,” akasema mwishowe. “Usiseme mjukuu. Sema unavyotaka wewe. Lakini twende.”

Bi Nyaguthii alimtazama kwa mashaka, akavua koti.

Kliniki ilikuwa Fairfield, juu ya duka la mikate, na ngazi zake zilinukia ufuta. Daktari alikuwa mwanamke kijana ambaye wazazi wake walitoka Iraki, mwenye viatu vya michezo na sauti ya kupumzisha mtu. Alimwambia Wanjugu anaweza kubaki ndani, ila akae kule mlangoni na asijibu chochote, hata kwa kichwa. Kumwambia nesi ambaye pia ni kifungua mimba akae kimya mbele ya mama yake ni kumtesa, lakini Wanjugu akaenda kuketi.

Maswali yakaanza. Bi Nyaguthii aliyajibu kwa Kiingereza chake cha Queensland kilichojaa vumbi la malisho, kile ambacho kiliwafanya watu wa Sydney wageuke kutazama sauti inatoka kwa nani. Siku aliijua, mwezi aliujua, akaongeza kwamba kesho ni zamu ya mapipa mekundu huko Guildford, na kwamba mtaa wao una watu wasiojua ratiba hiyo, ndiyo maana yeye huuliza mara mbili. Saa aliichora vizuri, mishale ikakaa mahali pake. Alihesabu kurudi nyuma kwa saba saba haraka kuliko Wanjugu alivyoweza kumfuata kimoyomoyo. Kisha daktari akamrudisha kwenye maneno matano aliyomtajia mwanzoni. Bi Nyaguthii akayataja manne. La tano halikuja.

Akatazama dirishani, akatazama mikono yake. Ile sura Wanjugu anayoijua ikapita usoni mwa mama yake, na Wanjugu akaishika pochi yake kwa nguvu mpaka kucha zikaacha alama. Neno lilikuwa “kanisa”. Alilijua, lilikuwa mdomoni mwake, na hakuruhusiwa.

“One got away, love,” Bi Nyaguthii akasema hatimaye. “I'm seventy-seven.”

Daktari alitabasamu, lakini aliandika kitu.

Ndipo akaomba aelezwe habari za bunduki. Hapo Bi Nyaguthii alijiweka sawa kitini. Akaeleza kwamba mwenye bunduki amekufa na yeye ndiye msimamizi wa mali yake, kwamba hana leseni na kwa hiyo haruhusiwi kuishika, ndiyo maana siku ile ile ya msiba aliipeleka kwa muuzaji mwenye leseni. Hapana, si yeye aliyeipeleka, akajisahihisha, aliita polisi wa mji na ndio waliokuja kuichukua na kuipeleka, maana yeye hagusi. Kwamba anayepokea yuko jimbo jingine, ana leseni ya huko, ana kibali cha kuichukua bunduki hii hii kwa namba yake, na ana sefu iliyokaguliwa. Kwamba kibali kikiisha muda itabidi kuanza upya, na kwamba yeye akishindwa kabisa bunduki itakabidhiwa polisi ikasagwe. Alieleza kwa uhakika, na daktari, ambaye yaelekea hakuwahi kuishika bunduki maishani mwake, alikuwa ameacha kuandika anasikiliza tu.

“Na unampa nani?” akauliza.

“Mume wangu.”

Wanjugu alifumba macho. Chini, mashine ya mikate ilisikika ikinguruma.

“Nina waume wawili,” Bi Nyaguthii akaendelea, bila haraka. “Wa kwanza nilimzika mwaka jana. Najua alipo, naweza kukupeleka kaburini kwa miguu. Wa pili anatengeneza lifti. Ni mwana wa huyu aliyekaa mlangoni anajiuma ulimi. Wote wanaitwa Kinuthia Kariuki. Wa kwanza alikuwa anakoroma. Wa pili sijui, analala mlango umefungwa, na sitaki kujua. Kisheria huyu wa pili ni mjukuu wangu. Andika mjukuu kwenye karatasi yako, karatasi siigombezi, mume wangu aliziheshimu sana karatasi. Baba yake aliuawa kwa risasi moja iliyokosa karatasi. Lakini hukuniuliza karatasi isemeje. Umeniuliza mimi ninampa nani. Kwetu mtu akifa jina lake anapewa mtoto, ili mtu asiishe. Watu wengine wote wanaweza kumwita Kinuthia. Wa kumwita mume wangu nimebaki mimi peke yangu, na nikiacha mimi, hakuna.”

Daktari aliiweka kalamu mezani.

“Baba yangu ananiita baba,” akasema. “Mimi, msichana. Tangu nizaliwe, ndivyo kwetu baba anavyomwita mtoto. Hata nikiwa hapa na wagonjwa ananipigia: baba, umekula?”

“Na umekula?” Bi Nyaguthii akamuuliza.

“Bado.”

“Basi maliza kuandika ukale.”

Daktari akacheka, akaandika. Alisema barua itaeleza kwamba mama huyu anaelewa anachokisaini, anakitoa kwa nani na kwa nini, kuliko wengi waliopita katika chumba kile. Neno moja kumponyoka mtu wa umri wake si ugonjwa, akamwambia Wanjugu waziwazi, lakini wamlete tena baada ya miezi sita watazame. Wanjugu aliitikia kwa kichwa mara nyingi, sasa alipokuwa ameruhusiwa.

Kwenye maegesho Wanjugu alishindwa kuwasha gari. Alilia mbele ya usukani kwa sauti, bila kujificha, watu wakipita na mifuko yao ya mboga.

“Unalia nini wewe? Si nimefaulu?”

“Nilidhani unaniponyoka, Mama. Nimekuwa nikikutazama majuma yote haya.”

“Najua. Nilikuona ukifungua kabati na kuyatazama maziwa kama umemkuta nyoka.” Bi Nyaguthii alitoa leso kwenye mkono wa sweta yake, akampa. “Yale ni ya boksi, Wanjugu, yasiyofunguliwa. Hayaharibiki. Mtu anayekaa mbali na duka anayaweka kabatini. Ungeniuliza.”

“Niliogopa kuuliza.”

“Basi siku nyingine uniulize. Hata kama jibu litakuwa baya, niulize mimi. Usiniangalie kwa pembeni kama mgonjwa wako.”

Wanjugu akapenga kamasi, akaahidi, na alimaanisha.

Mwenye duka wa Warwick alipopata barua alimpigia Bi Nyaguthii mwenyewe kumwomba radhi. Alisema ameona wazee wengi wakinyang'anywa vitu na watoto wao kwa kusainishwa karatasi wasizozielewa, na hakutaka kuwa mmoja wa wasaidizi. Bi Nyaguthii alimwambia amefanya vyema, na kwamba angemdharau kama asingeuliza. Wakaishia kuzungumza habari za mvua. Kabla ya wiki kwisha bunduki ilikuwa njiani, kutoka mkono wenye leseni kwenda mkono wenye leseni.

Jumamosi moja wote watatu wakaenda kuipokea. Duka lilikuwa kwenye eneo la viwanda, katikati ya gereji na ghala la vigae, na muuzaji wa hapo alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Aliitoa bunduki kwenye kasha lake, akailaza kwenye kaunta juu ya kitambaa, akalinganisha namba na kibali. Wanjugu alishangaa ilivyokuwa ndogo. Kwa miaka mingi alikuwa ameikumbuka kubwa.

Muuzaji alisoma karatasi ya Warwick, akasoma ya Sydney, akavaa miwani, akasoma tena.

“Same name?” akauliza. “So who's this one to you?”

Kinuthia alimgeukia mama yake. Bi Nyaguthii alimgeukia binti yake. Wanjugu alifungua mdomo, akaufunga, akashusha pumzi.

“My son,” akasema, kwa uangalifu wa mtu anayevuka mto juu ya gogo.

Kinuthia alicheka mpaka akaegemea kaunta. Muuzaji hakuelewa, lakini alicheka naye, akampa kalamu.

Kijana aliposaini, Bi Nyaguthii alisogea karibu, mikono akiwa ameiweka nyuma ya mgongo. Muuzaji alimwambia anaweza kuigusa kama anataka, yeye yupo hapo hapo.

“Sina leseni,” Bi Nyaguthii akamjibu.

Hakuitazama bunduki kwa muda mrefu. Alichoomba ni ile kadi ya leseni. Kinuthia akaitoa kwenye pochi, akamshikia mbele ya macho, kwa kuwa bibi alikuwa bado hajaitoa mikono yake mgongoni. Bibi alilisoma jina kwa sauti, lote, taratibu, Kinuthia Kariuki, kisha akaisoma nembo ya serikali na tarehe ya mwisho.

“Usingoje mpaka iishe,” akamwambia.

“Sitangoja, Shosho,” Kinuthia akasema, na alilisema kwa Kiswahili.

Nyumbani Guildford kijana aliiweka bunduki kwenye sefu na kufunga, akaujaribu mlango mara mbili, ufunguo akabaki nao, maana hivyo ndivyo sheria inavyotaka na wala hakuna aliyeuomba. Kisha akaenda kuoga. Wanjugu alibaki kwenye chumba cha kufulia akiitazama ile sefu karibu na mashine ya nguo, akiitafuta hasira yake ya zamani, na hakuiona. Mama yake aliingia, akafungua mashine, akaanza kutoa nguo mbichi na kuzikung'uta moja moja kama mtu aliye na kazi zake.

“Kesho umpigie yule wakala wa nyumba wa Warwick,” Bi Nyaguthii akasema. “Mwambie auze.”

Wanjugu hakuyaamini masikio yake. Alikuwa amejiandaa kwa “nitafikiria” nyingine, pengine ya mwaka mzima. Alikuwa amepanga hata maneno ya kumwambia pasta.

“Mama, una hakika? Hujaniambia hata kama unapapenda hapa.”

“Sipapendi. Kuna kelele, na majirani hawajui siku ya mapipa.” Alikung'uta shati la manjano la fundi wa lifti, akalinyoosha kola kwa vidole, polepole, upande huu na upande ule. “Lakini mimi ni mke wa mtu, Wanjugu. Mume wangu anakaa Guildford. Nikakae Warwick na nani?”